Kazi za Mikono: Gitaa la Umeme la Miti ya Australia

Leo twende mbali, hata Australia, tukaangalie jinsi seremala ajifunzaye aundavyo gitaa lake la kwanza la umeme kwa mbao za miti ya nchi hiyo. Msiseme, «Yatuhusu nini?» Baadhi ya miti hiyo mwaijua. Mikalitusi iliyopandwa kandokando ya barabara zetu asili yake ni huko. Grevilea nayo, itiayo kivuli mashamba ya kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi, ilitoka upande wa mashariki wa Australia. Twaichana mbao, twafanya viti na meza, wala hatuulizi kama yaweza kuimba.

Kwanza tujue sababu ya swali. Gitaa la umeme lilizaliwa Marekani. Mnamo 1931 na 1932 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza la kwanza lililouzwa, nalo lilikuwa la aluminiamu, lenye umbo la kikaango. Baadaye Leo Fender wa California, fundi wa redio ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, akaanza mwaka 1950 kuuza gitaa la ubao mzima usio na tumbo. Alichagua mbao zilizopatikana kwa urahisi katika biashara ya mbao ya Marekani. Lakini wanadamu tu wepesi wa kugeuza desturi kuwa sheria. Miaka ilipopita, orodha ya mbao za Wamarekani ikawa kama amri: mwili wa mti fulani, shingo ya mti fulani, na uso wa shingo wa mti wa jamii ya Dalbergia. Kijana wa Melbourne au wa Perth akitaka kuunda gitaa, huagiza mbao kutoka ng'ambo ya bahari, na hali msitu u nyuma ya nyumba yao.

Desturi hiyo sasa ina gharama yake. Tangu Januari 2017 mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, yalindayo viumbe vilivyo hatarini, yaliiweka jamii yote ya Dalbergia chini ya ulinzi. Biashara yake kati ya nchi na nchi yataka vibali. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vililegezewa sheria, lakini ubao mtupu haukulegezewa. Basi anayeuliza miti ya kwao haulizi kwa ajili ya kujivuna tu.

Tena Waaustralia hawakuanza jana. Mwaka 1946, huko Melbourne, Bill May, mwalimu wa useremala aliyekuwa pia mpigaji wa jazi, alianzisha na ndugu yake kiwanda cha magitaa cha Maton, na kiwanda hicho kimejulikana kwa kutumia mbao za nchi. (Walimu wenzangu watanisamehe nikifurahi kidogo kwamba alikuwa mwalimu.)

Haya, na tuingie msituni. Walowezi wa Kiingereza walipofika Australia waliiona miti mipya wakaipa majina ya miti ya kwao, na hapo ndipo mnunuzi mgeni apotezwapo. «Mwerezi mwekundu», yaani Toona ciliata, si ndugu wa mierezi ya Lebanoni. Ni wa ukoo wa mkangazi wetu. «Maple ya Queensland», Flindersia brayleyana, si maple. Ni wa ukoo wa mchungwa. «Mwaloni wa hariri» si mwaloni. Ni ile grevilea yetu ya kahawa. Nao mti waliouita «mti mweusi», Acacia melanoxylon, ubao wake si mweusi hata kidogo: una rangi ya asali mpaka ya kahawia. Wanaojua Kiyunani wataona kwamba melanoxylon maana yake ndiyo hiyo hiyo, mti mweusi, na mpingo nao waitwa Dalbergia melanoxylon. Miti miwili, jina moja la pili, tabia mbali kabisa. Anayeagiza mbao kwa jina la mtaani ajihadhari.

Katika hiyo yote, mimi ningempa mwanafunzi mwerezi mwekundu kwa mwili wa gitaa, na flindersia kwa shingo. Mwerezi huo ni mwepesi, mwekundu, wenye harufu nzuri, wala haushindani na patasi. Lakini una habari ya huzuni. Tangu miaka ya 1790 wakataji waliufuata mto kwa mto, wakauita dhahabu nyekundu, hata ilipofika karne ya 20 miti mikubwa ilikuwa karibu kwisha. Kuupanda mashambani ni shida, maana kuna nondo ambaye viwavi wake hula kilele cha mche, mti ukakua umepinda na kugawanyika. Flindersia nayo ilikatwa sana katika misitu ya mvua ya kaskazini ya Queensland mpaka misitu hiyo ilipoandikwa urithi wa dunia mwaka 1988, na ukataji ukakomeshwa humo.

Kwa hiyo fundi mwenye akili haanzii dukani. Huanzia penye nyumba zinazobomolewa. Milango ya zamani na meza zilizovunjika hutoa mwerezi uliokauka miaka 80 au 100, ambao hauna hamu tena ya kujikunja. Mbao za sakafu na mataruma ya reli hutoa jarrah, mkalitusi wa Australia ya Magharibi, ambao jina lake latoka kwa wenyeji wa nchi, Wanoongar. Jarrah ni mgumu hivi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 ulisafirishwa mpaka London ukatandikwa barabarani. Ila mbao za kale zina misumari iliyojificha, nayo huvunja meno ya msumeno. Na rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Rangi hiyo isipigwe msasa mkavu, na watoto wasikaribie.

Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Mwili wa gitaa, unene wake kama sentimeta 4 na nusu, huchukua kadiri ya lita 4 za ubao. Lita moja ya jarrah mkavu ina uzito wa gramu 820 hivi. Mara 4, ni kilo 3 na robo. Lita moja ya mwerezi mwekundu ni gramu 420 hivi. Mara 4, haifiki kilo 2. Ongeza shingo, vyuma na sumaku, utaona kwamba gitaa la jarrah lapita kilo 5. Mpigaji wa dansi hulivaa begani saa nne au tano. Asiyefanya hesabu hiyo kwa kalamu ataifanya kwa mgongo.

Je, sauti? Hapa pana ubishi mrefu. Wengine husema kila mti una sauti yake hata katika gitaa la umeme. Wengine wakana kabisa. Tuangalie jinsi chombo kifanyavyo kazi. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika, nguvu ya sumaku hutikisika pamoja nao, na katika waya huzaliwa umeme mdogo, kwa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831. Umeme huo hupita katika kamba mpaka kwenye kikuza sauti. Kwa sababu hiyo uzi wa nailoni ni bubu mbele ya sumaku. Ubao hauimbi kama tumbo la gitaa la kawaida. Kazi yake ni kushika ncha mbili za uzi zisiyumbe. Mnamo 1940 Les Paul alifunga nyuzi juu ya boriti ya msonobari yenye upana wa sentimeta 10 tu, kisha akalibandika mabawa ubavuni lipate kuonekana gitaa. Nalo lilipigika. Mimi nasadiki kwamba sumaku na nyuzi hutawala sauti, na ubao hutawala uzito, uthabiti na maisha ya chombo.

Basi uthabiti wenyewe hujaribiwa katika shingo, na hapo ndipo gitaa la kwanza la wengi hufia. Nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi, karibu uzito wa mfuko wa saruji, mchana na usiku, juu ya ubao usiozidi unene wa vidole viwili. Ubao mbichi utapinda. Ubao uliochanwa vibaya utajizungusha kama kamba. Maseremala wa Kivu wanajua tabia hiyo: umechana mkalitusi mchanga uliokua upesi, na kabla hujaweka msumeno chini, ubao umekwisha kujikunja kama upinde, maana mti huo hufunga nguvu zake ndani. Huko Australia nako ni vivyo hivyo, na ndiyo sababu shingo hufanywa mara nyingi kwa flindersia au kwa akasia ya Tasmania, iliyo tulivu zaidi.

Fundi huchagua ubao ambao pete za mti, zikitazamwa kwenye ncha, zasimama wima. Huuweka chumbani majuma mengi, akiupima kwa mizani kila juma. Uzito usipopungua tena, ubao umekauka kadiri ya hewa ya mahali. Halafu huukata kwa ukubwa kidogo kuliko atakavyo, huuacha tena, huutazama kwa jicho moja toka ncha mpaka ncha. Wengi hupasua vipande vitatu, huugeuza cha katikati juu chini, na kuvigandisha kwa gundi, ili kimoja kikitaka kwenda kushoto jirani yake amzuie. Katikati huchimbwa mfereji wa fimbo ya chuma iwezayo kukazwa baadaye. Juu hubandikwa uso wa mti mgumu, kama gidgee, akasia ya nchi kavu ya ndani, nzito hivi kwamba huzama majini na hutia butu kila chombo.

Juu ya uso huo hukatwa mifereji ya freti, zile tepe za madini zinazokatiza shingo. Hapa hesabu haina huruma. Urefu wa uzi, toka kizingiti cha juu mpaka darajani, ni milimeta 648. Ugawe kwa 17.817, utapata 36.37: hapo ndipo freti ya kwanza. Baki ni 611.63, igawe tena kwa 17.817, utapata 34.33, nafasi ya freti ya pili. Na kadhalika, mpaka freti ya 12 iangukie katikati kabisa, milimeta 324. Lakini kila freti ipimwe kutoka kizingitini, si kutoka kwa jirani yake. Apimaye kwa kurukaruka hubeba kosa la nusu milimeta toka freti hata freti, na akifika ya 12 kosa limekwisha kuwa wimbo usiosikilizika, wala halina dawa ila kuubandua uso na kuanza upya.

Kwa gitaa la kwanza shingo isigandishwe na mwili. Ifungwe kwa skrubu nne, kama alivyofanya Fender. Mmoja ukiharibika, mwenzake hupona. Tena mstari wa katikati uchorwe juu ya ubao siku ya kwanza, usifutwe mpaka daraja limekwisha kufungwa. Kukata umbo na kupiga msasa si siri. Seremala yeyote aweza. Ila vumbi la akasia na la grevilea huwasha ngozi ya baadhi ya watu na kusumbua pumzi. Kitambaa puani na mlango wazi ni lazima. Sumaku na waya wake, mwanafunzi anunue tayari. Kuzizungusha ni kazi ya gitaa la tatu.

Mwishowe rangi. Kupaka ubao kama huo rangi nzito ni kuuzika. Mafuta ya kukausha yapakwe kwa kitambaa mara nne au tano, kila safari yakiachwa yakauke.

Nyuzi zikikwisha kufungwa, zisikazwe zote mara moja. Hukazwa kidogo kidogo, uzi mnene na uzi mwembamba kwa zamu, kisha gitaa huachwa usiku mzima. Asubuhi sauti zitakuwa zimeshuka na shingo imeinama mbele kwa unene wa karatasi. Hilo si neno. Fimbo ya ndani huzungushwa robo ya mzunguko, nyuzi hupandishwa tena, na fundi hungoja hadi kesho aangalie kama ubao umekubali.