Ahadi kwa Msomaji: Gazeti la Mtu Mmoja na Upofu wa Uhakiki wa Kiswahili

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kitabu. Mhakiki hukabidhiwa kazi iliyokamilika, yenye jalada, mwanzo, kati na mwisho, kisha huipasua kwa wembe wa maudhui na fani. Mazoea haya yamezaa matunda yasiyokanika. Yamezaa pia upofu. Yako maandishi ambayo hayakukusudiwa kuwa kitabu. Yaliandikwa na mtu mmoja, aghalabu kwa gharama yake mwenyewe, kwa zamu ya kila juma au kila mwezi. Yakakatika, yakarejea, na mwishowe yakanyamaza. Mbele ya maandishi ya namna hii mhakiki wa Kiswahili hukunja uso. Huyaita majaribio, au huyakabidhi kwa mwanahistoria kama shahidi wa zama zake. Yanapozimika, husema kwamba mwenyewe hakuwa na subira. Hukumu hiyo ni ya dhuluma, kwa kuwa imetolewa kwa kipimo cha utanzu mwingine.

Yafaa swala lenyewe liwekwe wazi. Kitabu hakimwahidi msomaji lolote baada ya ukurasa wa mwisho. Gazeti humwahidi. Toleo la kwanza la gazeti, hata likiwa karatasi moja tu, humwambia msomaji kwamba litafuatwa na jingine. Ahadi hiyo ni sehemu ya umbo lake, kama vile vina na mizani vilivyo sehemu ya umbo la utenzi wa kimapokeo. Basi namna mwandishi anavyoitimiza ahadi, anavyoichelewesha, anavyoivunja na anavyorudi kuomba radhi ni fani ya utanzu huu. Mhakiki anayeyaruka mambo hayo ili ayafikie "maudhui" amefanya kama mtu anayeuhakiki utenzi huku ameziba masikio.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mombasa. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947) alianzisha karatasi aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, lililotumia Kiswahili na Kiarabu. Katika maandishi hayo alizungumza na Waislamu wa pwani juu ya elimu, juu ya kuiga wageni bila kupima, juu ya lugha yao na juu ya kuporomoka kwa hadhi yao. Hakuna gazeti lolote kati ya hayo mawili lililoishi maisha marefu. Mwaka 1937 mwandishi alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki. Mwaka 1944 makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na ni kwa kitabu hicho, tena baadaye kwa tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa pamoja na matini ya Kiswahili mwaka 2017, ambapo wasomaji wengi wa leo wanamjua mwandishi wa Sahifa.

Uwongozi ni hazina, na waliouhifadhi wanastahili shukrani. Lakini mhakiki hana budi kutambua kilichopotea katika safari ya kutoka karatasi hadi jalada. Katika kitabu, makala hufuatana bega kwa bega; msomaji hugeuza ukurasa na kukutana na nasaha nyingine papo hapo. Kwa njia hiyo huona kwamba mwandishi anarudia rudia, na kurudia huku akakuandika katika daftari lake kama udhaifu wa muwala. Msomaji wa mwaka 1930 hakusoma hivyo. Kati ya nasaha na nasaha alikwenda sokoni, alisali Ijumaa, alihudhuria harusi, aliyaona kwa macho yake yale yaliyokuwa yakilaumiwa. Karatasi ilipomfikia tena, kurudia kwake kulikuwa na kazi ya kiitikio: kumrudisha kwenye mazungumzo yaliyokatizwa na maisha. Kitabu kimeyaondoa maisha hayo ya katikati. Kimeacha sauti, kimeondoa pumzi.

Dhidi ya hoja hii hujitokeza makundi mawili ya wahakiki, na yote mawili yafaa kujibiwa.

Kundi la kwanza ni la waadilifu. Kwao, gazeti linalokatika ni ushahidi wa tabia. Husema kwamba mwandishi mwenye ari hupata muda, na kwamba aliyeacha hakuwa na la kusema. Hoja hii ina utamu wa mithali, nayo haina zaidi ya utamu huo. Samuel Johnson wa London alitoa The Rambler mara mbili kwa juma, kila Jumanne na Jumamosi, tangu Machi 1750 hadi Machi 1752. Yalikuwa matoleo 208, na karibu yote aliyaandika peke yake, huku mikononi mwake ikiwapo kazi ya kamusi iliyokuja kutoka mwaka 1755. Hata yeye, katika toleo la mwisho, hakuficha kwamba gazeti lake halikuwahi kupendwa sana na umma, na kwamba kuandika kwa siku iliyopangwa humkuta mtu akiwa mgonjwa au akiwa na mawazo yaliyotawanyika. Ikiwa bingwa wa uandishi wa zamu, mwenye wachapishaji wa kumlipa, alichoka baada ya miaka miwili, kwa haki gani mhakiki wa Nairobi au Eldoret amdai mwandishi wa Kiswahili, asiye na mlipaji wala mchapishaji, miaka ishirini bila kikomo?

Lililo zito zaidi ni kwamba waadilifu hawa wana mizani miwili. Jarida la Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961, lilinyamaza alipotiwa gerezani mwaka 1968, likazuka tena Accra mwaka 1971, likafa mwaka 1976, na likafufuliwa Marekani mwaka 1991. Ni nadra kumsikia mhakiki akilihesabu jarida hilo kuwa limeshindwa. Mapengo yake huelezwa kwa heshima. Huitwa historia ya uhuru wa mawazo barani Afrika. Heshima hiyo ni halali. Hata hivyo, pengo la namna hiyo hiyo likitokea katika gazeti dogo la Kiswahili, jina lake hubadilika likawa uzembe. Kimya cha Kiingereza hupewa fasili, kimya cha Kiswahili hupewa lawama.

Kundi la pili ni la wale wanaoeleza kila kitu kwa nguvu za nje. Kwao, gazeti lilikufa kwa sababu karatasi ilikuwa ghali, wasomaji walikuwa maskini, au serikali ilikuwa kali. Ukweli wa jambo hili haupingiki. Henry Muoria aliacha kazi yake katika reli mwaka 1945 akaanzisha Mumenyereri, gazeti la Kigikuyu aliloliendesha kwa jasho lake na la watu wa nyumbani mwake. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, gazeti lilipigwa marufuku. Mwenyewe alikuwa London, na huko ndiko alikoishi hadi kufa kwake mwaka 1997. Hapa hakuna haja ya kutafuta udhaifu wa mwandishi. Mlango ulifungwa kwa nje.

Hata hivyo, kosa la kundi hili ni kudhani kwamba kila mlango hufungwa kwa nje. Kuna kimya kinachotoka ndani. Mwandishi ana karatasi, ana wino, hakuna askari mlangoni; na bado toleo halitoki. Juma la kwanza huahirisha kwa sababu ya msiba, la pili kwa sababu ya mitihani ya wanafunzi wake. La tatu hana sababu, ila aibu ya kuchelewa imekuwa nzito kuliko kazi yenyewe. Kila siku inayopita huongeza ukubwa wa toleo linalotazamiwa, kwani mtu aliyenyamaza muda mrefu huona kwamba hawezi kurudi na jambo dogo. Hatimaye hulikimbia gazeti lake mwenyewe kama mdaiwa anavyokwepa duka la mdai. Hali hii haielezwi na bei ya karatasi, wala haielezwi na uvivu. Inatokana na ile ahadi iliyotolewa katika toleo la kwanza. Kwa maneno mengine, inatokana na utanzu wenyewe, na kwa sababu hiyo ni mali halali ya mhakiki wa fasihi.

Ushahidi wake umo katika matini, kwa yeyote aliye tayari kusoma. Umo katika ile aya ya kuomba radhi inayofungua toleo lililochelewa, aya ambayo wakusanyaji wa vitabu huwa wa kwanza kuitupa. Msomaji wa magazeti madogo anaijua vyema: salamu, udhuru, kiapo kwamba jambo hilo halitatokea tena. Aya hiyo ina kaida zake kama zilivyo kaida za dua mwanzoni mwa utenzi. Kuna mwandishi anayeomba radhi kwa kujidhalilisha mno, na kumbe anaomba sifa. Mwingine hujifanya kwamba hakuna lililotokea, akaendelea na hoja pale alipoiacha, na ujasiri huo ukawa mtindo. Wa tatu hugeuza kimya chake kuwa mada, akaandika juu ya kushindwa kuandika, toleo baada ya toleo, mpaka gazeti likabaki halina habari nyingine ila afya yake lenyewe. Huyu wa tatu anastahili kuhakikiwa kwa ukali, na ukali huo utakuwa wa haki, kwa maana utakuwa umetoka ndani ya utanzu wake.

Hapa ndipo pingamizi kubwa hutolewa: je, kila kilichoachwa njiani sasa kiitwe sanaa? La, hasha. Kuyasoma mapengo si kuyasamehe. Kipimo kinachofaa kinaweza kutajwa kwa maneno machache. Mwandishi aliporudi, alirudi na nini? Je, kimya kilimpa jambo la kusema, au kilimpa udhuru tu? Je, alimkumbuka msomaji aliyeachwa akingoja, ama alizungumza kana kwamba hasara ilikuwa yake peke yake? Kwa kipimo hiki magazeti mengi yataanguka. Machache yatasimama, na miongoni mwa hayo yamo ambayo leo hayatajwi katika mtalaa wowote kwa kuwa hayakuwahi kutimiza matoleo ishirini.

Ajabu ya mambo ni kwamba wanaotoa hukumu ya uvumilivu huitoa katika majarida yenye maradhi yale yale. Nani katika idara za lugha asiyelijua jarida lililotoa toleo la kwanza kwa shangwe, la pili kwa kuchelewa, la tatu na la nne kwa pamoja ndani ya jalada moja, kisha likatoweka? Mhariri wake alikuwa na mihadhara, tasnifu za kusahihisha na kamati zisizokwisha. Wenzake walimwahidi makala wasizozileta. Hakuna anayesema mhariri huyo hakuwa na la kusema. Wote wanajua alivyopigana. Huruma hiyo inayotolewa kwa mhariri msomi yafaa itolewe pia, pamoja na umakini wa kihakiki, kwa yule aliyepigana pekee bila cheo wala ruzuku.

Madhara ya upofu huu hayaishii katika nadharia. Utanzu usiohakikiwa haukusanywi, na usiokusanywa huliwa na mchwa. Matoleo ya magazeti madogo ya Kiswahili yamo katika masanduku ya familia, mengine yakiwa yamefungia vitu dukani zamani. Anayeokoa huokoa makala anazoziona nzuri, akakata tarehe, akatupa matangazo, akafuta aya za radhi. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuyafanyia utafiti huulizwa na kamati kama hiyo kweli ni fasihi, naye, kwa busara ya kutaka kumaliza, hurudi kwenye riwaya iliyokwisha kuandikiwa tasnifu kumi. Ndivyo uhakiki unavyojithibitishia kwamba hakukuwa na kitu pale ambapo haukutazama.

Idara za Kiswahili zina uwezo wa kulirekebisha jambo hili bila kungoja fedha za wafadhili. Zikubali gazeti la mtu mmoja kuwa mada halali ya tasnifu. Mkusanyaji akilipata, alihifadhi toleo kwa toleo, pamoja na tarehe zake, nafasi zilizo wazi kati ya tarehe hizo, na kila udhuru uliochapwa. Mwalimu anayefundisha Uwongozi awakumbushe wanafunzi kwamba kabla ya kuwa kitabu ilikuwa karatasi iliyongojewa, na awaulize ni nini kilimpata aliyengoja siku ambayo karatasi haikuja. Swali hilo mhakiki wa kitabu hajawahi kulazimika kulijibu. Mwandishi wa gazeti aliishi nalo kila juma, hata katika yale majuma ambayo hakuandika neno.