Tenga tupu nalo likaguliwe

Mfanyabiashara wa nyanya anayevuka Namanga au Holili hahitaji kuelezwa kantangaze ni nani. Anamjua kwa matenga aliyolazimika kuyauza kwa bei ya kutupa.

Nondo huyu mdogo, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akaingia Afrika Kaskazini, na kufikia 2014 alikuwa Kenya na Tanzania. Jike mmoja huweza kutaga mayai hadi 260. Kiwavi hula nyama ya jani kwa ndani na kuacha ngozi tupu; kwenye tunda hupenya mara nyingi chini ya kikonyo, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Wala hali nyanya peke yake. Hushambulia viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu na hata mnavu, ambao wenzetu wa Kenya huuita managu. Mkulima aliyeng'oa nyanya zote akaacha mnavu pembeni mwa shamba amemwachia mdudu makazi.

Lakini lipo jambo ambalo mipakani halizungumzwi vya kutosha: tenga tupu. Buu la kantangaze hujificha kwenye udongo, majani makavu na pembe za vifungashio. Tenga linalorudi kutoka sokoni bila kuoshwa humpeleka mdudu moja kwa moja kwa mkulima ambaye mfanyabiashara huyo huyo atamtegemea msimu ujao. Mzigo unakaguliwa ukienda. Tenga likirudi, hakuna anayeuliza.

Tunazishauri serikali za pande zote ziweke sehemu za kuoshea matenga kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, tena bila tozo mpya. Kufunga mpaka ghafla si dawa, kwani mdudu yuko pande zote mbili na nyanya hazisubiri vikao.

Nanyi wafanyabiashara, msichanganye karatasi. Cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kinahusu ushuru tu. Hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea. Ofisa akikidai hiki cha pili hajawaonea. Akidai fedha isiyo na stakabadhi, hapo amewaonea, na msimamizi wa kituo apelekewe malalamiko siku hiyo hiyo.