Kolwezi Nayo ni Afrika Mashariki

Tumezoea kuambiwa kwamba kila pikipiki ya umeme inayoingia barabarani ni hatua ya ukanda wetu kuelekea maendeleo ya kijani. Waheshimiwa wanazipanda, wanapigwa picha na helmeti kichwani, na mjadala unaishia hapo. Hesabu hiyo ni nusu.

Nusu inayosemwa ni kweli, tusibishe. Takribani asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi ya Olkaria na kwingineko, maji, upepo na jua. Kwa hiyo bodaboda anayechaji Nairobi hahamishii moshi wake kwenye mitambo ya makaa ya mawe. Kigali nayo, tangu Januari 2025, haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubebea abiria. Vizuri.

Lakini ukanda unaishia wapi? Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo Kolwezi, mji wake wa migodi ya kobalti, ni kwetu. Congo ndiyo inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika kwenye betri, na namna inavyoondoka inatia aibu: unga wa hidroksidi ndani ya magunia, kobalti yenyewe ikiwa kama theluthi moja tu, juu ya malori ya dizeli yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa, yakavuka Zambia hadi bandari ya Dar es Salaam au Durban. Safari inaishia China, na huko ndiko kobalti inakosafishwa. Wenyeji wa Kolwezi wanabakiwa na mashimo na vumbi, katika nchi ambayo raia wengi hawajawahi kuwasha taa ya umeme nyumbani kwao.

Wapo watakaonirukia: betri nyingi siku hizi hazina kobalti, ni za chuma na fosfati. Ndiyo, na hilo linazidi kuniunga mkono. Viwanda vya China vilipogeukia betri hizo huku soko likifurika kobalti, bei iliporomoka, na Februari 2025 Kinshasa ikasimamisha kwa muda kuuza kobalti nje. Muuza unga hana silaha nyingine zaidi ya kufunga ghala.

Kufuta kodi ya pikipiki za umeme bila sharti lolote ni kuhimiza uagizaji, basi. Congo na Zambia zilitia saini mwaka huohuo wa 2022 makubaliano ya kushirikiana kutengeneza betri. Wakubwa wa Jumuiya kule Arusha wangeweza kuufunga msamaha wa kodi na kazi hiyo, kwamba anayetaka nafuu asafishe madini au aunde betri ndani ya Jumuiya. Na betri ikichoka, nani anaipokea, dampo la Dandora, Nairobi? Msamaha usiojibu swali hilo, mimi nisingeutia saini.