Barua ya Wazi kwa Shirika la Viwango la Kenya: Kilichomo Ndani ya Mkebe wa Gundi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango la Kenya (KEBS),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Barua hii inatoka Ndabibi, kati ya Ziwa Naivasha na milima ya Eburru, na inahusu gundi ya viatu. Kwa kawaida malalamiko ya ulevi hupelekwa kwa chifu, kwa polisi au kwa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Lakini kitu kinachowalewesha watoto wa mitaani wa Naivasha na Nakuru hakipikwi mafichoni wala hakipitishwi njia za panya. Hutengenezwa kiwandani, hubandikwa lebo, huuzwa dukani mchana kweupe. Kinachoruhusiwa kuwamo ndani ya mkebe huamuliwa na kiwango, na viwango ndiyo kazi ya Shirika tangu 1974.

Fundi wa viatu sokoni Ndabibi anaijua vizuri gundi hiyo. Kazi yake kubwa ni gambuti za vibarua wa mashamba ya maua na viatu vya shule vilivyoachama mbele. Huchovya brashi kwenye gundi ya manjano, akapaka soli na kiatu, akasubiri kidogo, kisha akagandamiza na kupigapiga kwa nyundo. Katika kule kusubiri ndipo harufu kali yenye utamu humpanda puani. Ni toluini, kiyeyusho kinachoilainisha gundi ili ipakike. Ikishapakwa, toluini hupaa hewani na mpira hubaki kwenye kiatu. Fundi anahitaji kile kinachobaki. Mtoto wa mtaani hununua kile kinachopaa.

Mtoto anayetoroka nyumbani Ndabibi, Maiella au Kongoni mara nyingi huishia Naivasha mjini, karibu na barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Huko humiminiwa gundi kidogo kwenye chupa ya plastiki kwa sarafu chache. Huing'ata chupa kwa meno au huificha ndani ya mkono wa sweta, akavuta huku akitembea. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake hukata. Ukimuuliza mtoto kwa nini anavuta, hazungumzii raha. Atakwambia hasikii njaa, hasikii baridi, na akipigwa hasikii sana.

Hadanganyi. Mvuke wa toluini hutoka kwenye mapafu hadi kwenye ubongo kwa sekunde chache. Huko huziba milango ya seli za neva iitwayo NMDA, inayopitisha ujumbe wa maumivu, kumbukumbu na fahamu, na wakati huohuo huongeza nguvu ya kemikali zinazoupoza ubongo. Milango hiyo hiyo huzibwa na ketamini, dawa ya nusukaputi iliyobuniwa Marekani mwaka 1962. Ndiyo maana dalili hufanana: mwili unakuwa kama wa mtu mwingine, sauti zinatoka mbali, vitu visivyokuwepo vinaonekana.

Tofauti ni nani anashika dawa. Ketamini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985. Magharibi mwa Kenya, mpango ulioanza 2013 katika hospitali ya Sagam uliwafunza wahudumu wasio wataalamu wa nusukaputi kuitumia pale mama anapohitaji upasuaji wa dharura na mtaalamu hayupo. Hapo kuna kipimo, kuna mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa, kuna hewa ya oksijeni pembeni. Dawa hiyohiyo nje ya hospitali huharibu kibofu cha mkojo na imeua. Oktoba 2023 ilimuua mwigizaji Matthew Perry wa Marekani, na dunia nzima ikasikia. Mtoto aliyekufa na chupa ya gundi nyuma ya maduka hatangazwi. Wala toluini haina kipimo cha tiba kwa binadamu hata kimoja.

Toluini ina hatari nyingine ambayo kila askari wa kaunti anapaswa kuijua. Huufanya moyo uitikie adrenalini kupita kiasi. Aliyetoka kuvuta, akishtuliwa au akikimbizwa, moyo unaweza kupoteza mapigo yake na kusimama papo hapo, hata kama ni kijana mwenye afya. Mwaka 1970 daktari Millard Bass wa Marekani alieleza vifo 110 vya ghafla vya namna hiyo miongoni mwa vijana waliovuta mivuke ya kemikali mbalimbali. Kwa hiyo msako wa usiku, wenye rungu na kelele, unaweza kuua bila rungu kumgusa mtu.

Wasiokufa ghafla hulipa polepole. Ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva huharibika; mtoto huanza kutembea akiyumba, mikono ikitetemeka, masikio na macho yakififia. Figo hushindwa kutunza potasiamu, misuli ikalegea hadi mtu akashindwa kusimama. Msichana mjamzito anayevuta anaweza kuzaa mtoto mdogo kuliko kawaida, mwenye kichwa kidogo.

Na hawa si watoto wachache. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, 2,005 kati yao Nakuru. Eldoret, utafiti uliochapishwa 2012 uliwahoji watoto 146 wa mitaani wenye umri wa miaka 10 hadi 19. Asilimia 74 walikuwa wamewahi kutumia kilevi, na gundi ndiyo iliyoongoza.

Hadi sasa jibu la miji yetu limekuwa kuwahamisha watoto. Februari 2019 watoto wa mitaani wa Nakuru walibebwa na kuachwa karibu na msitu wa Chemasusu, Baringo. Nchi ilikasirika, na ilikuwa na haki. Lakini gundi iliyokuwa madukani siku ile iliendelea kuuzwa kesho yake.

Nchi nyingine zilianza na mkebe. Honduras, ambako watoto waliitwa jina la gundi waliyoivuta, Resistol, ilipitisha sheria mwaka 1989 ya kutia mafuta ya haradali ili mvuke uchome pua. Kampuni iliyotengeneza gundi hiyo, H.B. Fuller ya Minnesota, ilibishana kwa miaka, na baadaye ikaiacha toluini. Haradali haifai hapa, kwa sababu ingemchoma macho fundi asiye na kosa. Mfano bora ni Australia. Vijana wa vijiji vya mbali walikuwa wakinusa petroli. Mwaka 2005 kampuni ya BP ilileta petroli iitwayo Opal, iliyopunguzwa viyeyusho vinavyolewesha, na serikali ikachangia gharama. Katika jamii 20 zilizochunguzwa, unusaji ulishuka kwa asilimia 70. Magari yaliendelea kutembea.

Toluini tayari imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa kuwa hutumika kutengeneza kokeini. Mataifa yanaifuatilia kwa ajili ya pua za matajiri wa mbali. Pua ya mtoto wa Naivasha inastahili ulinzi uleule.

Shirika linaombwa kuweka kiwango cha lazima kinachoondoa toluini, pamoja na kiyeyusho kingine kiitwacho heksani, katika gundi ya viatu inayouzwa rejareja, na kuwapa viwanda muda maalumu wa kubadilisha. Gundi ya maji ipo duniani na hushika viatu, ingawa hukauka polepole. Kwa hiyo mafundi waitwe kwenye kamati ya kiufundi kabla rasimu haijaandikwa, waijaribu kwenye gambuti zenye tope la Ndabibi, na waseme ni bei gani wanaiweza. Hadi kiwango kianze kutumika, umiminaji wa gundi kwenye chupa upigwe marufuku, mkebe uuzwe ukiwa umefungwa, na lebo ieleze kwa Kiswahili kilichomo na madhara yake kwa moyo.

Nakala: NACADA, Idara ya Afya ya Kaunti ya Nakuru, Mfuko wa Kurekebisha Familia za Mitaani.