Eti Mshika Mbili!

Wapo wakubwa zetu wanaotucheka sisi wasaidizi wa majaji tunaosomea shahada ya pili ya sheria jioni. Eti mshika mbili moja humponyoka. Eti tuna uchu wa vyeti. Haya, tuzungumze.

Mchana nasoma majalada. Napanga hoja za mrufani na za mjibu rufani, natafuta maamuzi ya nyuma, naandika muhtasari. Kuamua ni kwa Mheshimiwa Jaji peke yake. Saa kumi na moja jioni nakimbilia daladala, nafika darasani jasho linanitiririka. Huko nafundishwa haki ya mnyonge kuifikia mahakama. Kwa Kiingereza! Na tasnifu yangu kuhusu mnyonge huyo huyo lazima niiandike kwa Kiingereza, yeye mwenyewe asiisome asilani.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kiingereza kikaachiwa pale haki inapokihitaji. Mahakama za Mwanzo zilishakitumia miaka na miaka. Lakini huku juu, nani ameandaliwa kuandika hukumu nzito ya mirathi au ya kodi kwa Kiswahili kisichoyumba? Istilahi hazidondoki kama mvua. Zinakomazwa na mtu anayehangaika na majalada kila siku.

Siku moja mama mmoja alinisimamisha kwenye korido, nakala ya hukumu mkononi. "Mwanangu, hebu nisomee. Nimeshinda ama nimeshindwa?" Alikuwa ameshinda. Shamba ni lake, na alikuwa hajui! Sasa hiyo tasnifu yangu inamfaa nani?

Tutaambiwa habari ya siri. Kweli, rasimu ya jaji ni siri, na anayeitoa nje afukuzwe kazi. Ila hukumu ikishasomwa mahakamani ni ya umma. Basi chuo kituruhusu tuzichambue hukumu hizo na kuandika tasnifu kwa Kiswahili. Nayo mahakama iihesabu kazi hiyo kuwa kazi, isituone tunaiba muda wa serikali.

Sikushika mbili, jamani. Nimeshika moja iliyokatwa vipande viwili, na wanaonicheka ndio wenye uwezo wa kuviunga. Wasipoviunga, yule mama ataendelea kusimama koridoni, anatafuta wa kumsomea haki yake.