Siri Tulizokaribia Kuuza



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya chanjo wala lishe. Tunazungumza juu ya kompyuta kuukuu, kwa sababu ya kwetu nusura ituaibishe, na si sisi peke yetu.

Mahitaji ya shule yalipobana mwezi Januari, tuliamua kuiuza. Mwalimu mmoja wa Soni alikubali kuinunua. Kijana wetu wa kidato cha nne aliketi jioni moja, akafuta mafaili yote. "Mama, sasa haina kitu," alisema. Tukaamini.

Tuliipeleka kwanza mjini Lushoto kwa fundi, ambaye tulimfundisha Shule ya Jumapili, aitoe vumbi na kuikagua. Kesho yake akapiga simu: "Shikamoo mama. Naomba uje mwenyewe kabla sijamwita mnunuzi."

Kwa programu ya bure ya kurudisha mafaili, alikuwa ameyafufua mengi yaliyofutwa. Zilikuwamo picha za watoto wakiogeshwa, na nakala za vitambulisho vyetu. Ilikuwamo pia orodha ya akina mama tunaowatembelea kwa niaba ya usharika: nani mimba imeharibika, nani anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nani anapigwa na mumewe. "Nilipoona majina, mama, nikafunga. Sikusoma," alisema. Tulikaa kwenye benchi lake, miguu haina nguvu. Mambo yale tuliambiwa jikoni, mlango umefungwa. Na huku milimani habari hushuka haraka kuliko basi.

Je, mafaili yaliyofutwa yalirudije? Kufuta kwa kawaida ni kama kurarua ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: sura zote zimo bado. Kompyuta hujiandikia tu kwamba nafasi ile ni wazi. Maandishi yenyewe yanaweza kubaki kwenye diski mpaka mengine yaandikwe juu yake.

Kosa hili si letu tu. Mwaka 2003, wanafunzi wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa habari za diski 158 zilizotumika walizozinunua. Katika 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa sawasawa.

Basi, kabla ya kuuza au kugawa kompyuta, fanyeni hivi:

Kwanza, nakilini picha na nyaraka mnazozihitaji kwenye flashi au diski nyingine. Zifungueni huko kuhakikisha zimefika salama.

Pili, tokeni kwenye akaunti zote za barua pepe na mitandao, kisha badilisheni nywila kwa kutumia chombo kingine.

Tatu, rudisheni kompyuta katika hali yake ya mwanzo. Windows 10 na 11 zina sehemu hiyo kwenye mipangilio. Chagueni kuondoa kila kitu, kisha tafuteni pia chaguo la kusafisha diski. Hilo la pili ndilo wengi huliruka, nalo ndilo linalofanya mafaili yawe magumu kurudishwa. Kazi hii huchukua saa nyingi, hivyo msiianze siku ambayo umeme unakatikakatika.

Nne, kama kompyuta imekufa, mwombeni fundi aitoe diski, muiuze bila hiyo. Diski ikae kwenu, au itobolewe mbele ya macho yenu. Msiichome moto, maana moshi wake ni sumu.

Simu nayo ina siri zake: ondoeni laini, kadi ya kumbukumbu na akaunti, ndipo muirudishe katika hali ya mwanzo.

Sheria nayo inatutazama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huhesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini sisi wauguzi tulijua hata kabla ya sheria hiyo kwamba siri ya mgonjwa ni dhamana. Tulisahau tu kwamba kompyuta nayo hubeba dhamana hiyo.

Fundi aliisafisha kompyuta usiku kucha, mwalimu akaichukua. Sisi tuliwaendea akina mama wale mmoja mmoja, tukawaeleza yaliyotokea na kuomba radhi. Mmoja alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nashukuru nimeambiwa na wewe, si na jirani."

Siku hizi tukiwatembelea, hatuandiki tena ugonjwa wala ugomvi wa mtu. Tunaandika jina na siku ya kurudi, basi.

Hadi mwezi ujao, kaeni kwa amani.