Shabunda si mbali, barabara ndiyo hakuna

Kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu, karibu na Bukavu, mpaka ule wa Shabunda ni kama kilomita 170 angani. Ndege ndogo huzimaliza kwa chini ya saa moja. Miaka mingi viongozi wamejificha nyuma ya saa hiyo: Shabunda kuna ndege, basi barabara ya Burhale ingoje.

Lakini nani hupanda ndege hiyo? Ni mwenye feza. Mama mwenye mimba, mwanafunzi na mchuuzi wa mawese wanapita chini, kwenye matope, siku baada ya siku. Tena chumvi na sabuni zikipanda ndege, bei nayo inapanda.

Tarehe 14 Februari 2025 M23 waliteka uwanja wa Kavumu, safari za kawaida zikakatika. Kilomita zilibaki zilezile 170. Ile saa moja ikapotea. Hapo kisingizio kilibaki uchi.

Shabunda ndilo eneo kubwa kuliko yote ya Kivu Kusini, zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Haiwezekani watu wa eneo hilo lote wategemee uwanja mmoja. Wakaaji wa Luhwindja, kwa jirani Mwenga, wanaelewa: dhahabu ya Twangiza ilichimbwa kwao kwa mitambo mikubwa, lakini mvua ikinyesha barabara ni matope.

Ndege za dawa na wagonjwa ziruke, hakuna anayekataa. Lakini anayekimbia risasi na mtoto mgongoni hana tiketi mkononi. Huyo anahitaji barabara.